Shamba la Shemeji

Mwezi wa Januari 2005, Prabhu Deva, mnenguaji anayejulikana India nzima kwa miguu isiyo na mifupa, alitoa filamu ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe. Ilikuwa ya Kitelugu, na jina lake refu, Nuvvostanante Nenoddantana, kwa Kiswahili tungesema: ukitaka kuja, nitakukatalia? Kisa chake ni chepesi. Kijana wa kitajiri aliyekulia London anakwenda kijijini kwenye harusi, anampenda binti wa kule, ambaye amelelewa na kaka yake mkulima. Kaka hataki kusikia. Baada ya kubembelezwa sana anatoa sharti: kijana akae shambani, ahudumie ng'ombe, alime, na mwisho wa msimu avune kumshinda yeye. Akishinda ataoa. Akishindwa arudi alikotoka.

Filamu ilipendwa, na mwaka uliofuata ikatengenezwa upya kwa Kikannada, lugha ya jimbo jirani la Karnataka, ikaitwa Neenello Naanalle, yaani ulipo nipo. Kaka mkali akawa Vishnuvardhan, mmoja wa nyota wakubwa wa Kikannada, na kijana wa mjini akawa Aniruddha, ambaye nje ya filamu ni mume wa binti wa Vishnuvardhan. Mkwe na mkwewe walikutana shambani mbele ya kamera. Mwaka huohuo 2006 ikatoka ya Kitamili, na Trisha, aliyekuwa binti wa Kitelugu, akaigiza binti yuleyule kwa mara ya pili. Ikaendelea hadi Kibengali, Kipunjabi na hata Kinepali. Mwaka 2013 Prabhu Deva mwenyewe akaitengeneza kwa Kihindi, London ikageuka Australia, na jina likawa Ramaiya Vastavaiya. Jina hilo limetoka katika wimbo wa filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1955, Shree 420, na ingawa wimbo ni wa filamu ya Kihindi, maneno hayo mawili ni ya Kitelugu. Hadithi ilizunguka nchi nzima ikarudi na jina la kwao.

Nimeifuatilia safari hii kwa sababu nalijua toleo moja ambalo halimo katika orodha yoyote. Nililiona Iringa.

Ili kulieleza, lazima nirudi nyuma kidogo. Picha la Kihindi si mgeni kwetu. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilijaza majumba ya sinema Zanzibar na bara, na watu waliimba nyimbo zake bila kujua neno hata moja la Kihindi. Pwani walikwenda mbele zaidi: waimbaji wa taarabu walichukua tuni za filamu wakazivika mashairi ya Kiswahili, na Juma Bhalo wa Mombasa akawa bingwa wa kazi hiyo. Nyanda za Juu Kusini hatukuwa na taarabu ya namna hiyo. Tulikuwa na maduka ya Wahindi barabara kuu, jumba la sinema mjini, na baadaye mkanda wa video.

Televisheni ilichelewa sana bara. Zanzibar waliipata miaka ya 1970, sisi tukasubiri hadi 1994. Katika pengo hilo video ilikuta njaa. Majumba ya sinema yakachoka, mengine yakageuzwa maghala na makanisa, na mitaani vikaota vibanda umiza: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya kabati, jenereta nje. Ndani yake akazaliwa mtu ambaye sinema za awali hazikuwa naye: mtafsiri. Dar es Salaam alivuma Lufufu, ambaye mikanda yake ilisambaa nchi nzima. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana VJ Jingo. Lakini vibanda vingine vilikuwa na mtafsiri wa hapohapo, asiyejulikana nje ya kata yake, akiwa na maikrofoni na glasi ya maji.

Picha la kwanza nililoona likitafsiriwa hivyo lilikuwa Maine Pyar Kiya, katika kibanda cha Mwanjelwa, Mbeya, mwishoni mwa miaka ya 1990. Lilitoka mwaka 1989, na steringi ni Salman Khan akiwa kijana mbichi. Ukilitazama utaona ni babu wa ile filamu ya Kitelugu. Huko pia kijana wa kitajiri anaambiwa na baba wa binti: usinionyeshe mali ya baba yako, nionyeshe jasho lako. Inabidi apate rupia 2,000 kwa mikono yake. Anavunja mawe, anaendesha lori.

Mtafsiri wetu alilielewa lori hilo kuliko mtunzi wake. Mbeya ni mji wa barabara ya Zambia, na kila mtaa una dereva au mke wa dereva. Salman Khan alipoingia kwenye usukani, mtafsiri alimpeleka Tunduma. Akampandisha Kitonga na shehena ya mbolea, akamlaza Mlima Nyoka kwa kukosa dizeli. Alipokutana na wazee wa kijiji, aliwaamkia "ugonile." Kibanda kilipiga makofi. Mimi niliamini kwa muda mrefu kwamba Bombay iko mbele kidogo ya Chimala.

Miaka ilipita, nikahamia Iringa. Mwaka 2014, katika kibanda kimoja cha Kihesa, nikakuta Ramaiya Vastavaiya. Mtafsiri alikuwa Mhehe wa makamo, mwenye sauti ya mnada. Kwake hapakuwa na Tunduma. Kijana kutoka Australia alishuka kijijini, na kaka wa binti akampokea kwa "kamwene," kijana asijue kuitika, watu wakacheka mpaka benchi likayumba. Sharti lilipotolewa, mtafsiri hakujisumbua na maneno ya Kihindi. Alisema tu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nadhani hakuna aliyewahi kuifupisha filamu ile vizuri zaidi.

Tangu hapo shamba la kwenye kioo likawa la kwetu. Ng'ombe walikuwa wa Pawaga. Kijana aliulizwa kama atapata mbolea ya ruzuku, na kama ana vocha. Alipoinua jembe kwa mikono yote miwili kama anayeua nyoka, mzee mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti, "Huyo hapati mke kwetu."

Hakuwa anatania. Babu yangu mzaa mama, Mnyakyusa wa Rungwe, alilima kwa wakwe zake misimu miwili kabla ya ng'ombe wa mahari kukamilika. Nilisimuliwa hivyo tangu utoto, na wazee wa Kihehe na Kibena niliowauliza baadaye wote walikuwa na hadithi ya namna hiyo: bwana harusi mtarajiwa anaitwa na jembe lake, anapewa kipande, na wakwe wanamtazama kwa mbali. Monica Wilson, aliyeishi na mumewe Godfrey kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kurasa nyingi juu ya ng'ombe wa mahari na vijiji vya marika. Ng'ombe huhesabika, huandikika. Jasho la ukweni ni gumu kuandika, ila kila familia inalijua.

Ndiyo maana hadithi hii ilisafiri kirahisi hivyo. Kila lugha iliyoichukua ilikuwa na shamba, na kila shamba lilikuwa na mkwe anayetilia shaka mikono ya kijana. Mtengenezaji wa Kikannada alibadilisha waigizaji na lugha, akaliacha jembe. Mtafsiri wa Kihesa hakuwa na fedha ya kubadilisha waigizaji. Alibadilisha kila kitu kingine.

Na kuna jambo moja alilibadilisha ambalo sijalikuta katika matoleo mengine niliyoyatafuta. Mlangoni walisimama wanawake waliouza mahindi ya kuchoma, nusu wakitazama picha, nusu wakichunga moto. Shindano lilipopamba, magunia ya kijana upande huu, ya kaka upande ule, mmoja wao akauliza kwa nguvu: "Na binti je? Kalima wapi yeye?" Wanaume wakamzomea. Mtafsiri akanyamaza kidogo. Binti alipotokea tena kwenye kioo, akampa maneno: "Kaka, mimi nimepalilia mashamba yote mawili. Gunia langu liko wapi?"

Nilipopata filamu yenyewe yenye maandishi ya chini, niliyatafuta maneno hayo kwa makusudi. Hayamo. Yalitoka kwenye jiko la mahindi, yakapita kwenye maikrofoni, yakaingia mdomoni mwa Shruti Haasan. Nilimsimulia bibi yangu, yule ambaye babu alimlimia misimu miwili. Akaniuliza kwani nilidhani wakati babu analima, yeye alikuwa amekaa wapi. Alikuwa kwenye tuta la pembeni, akilima kipande kikubwa zaidi, maana mchumba alikuwa anajionyesha na yeye alikuwa anafanya kazi. Habari hiyo haikuwahi kuingia katika hadithi ya familia. Iliingia kwa sababu ya picha la Kihindi.

Hapa ndipo historia inaponikwaza. Toleo la Kikannada lina tarehe, lina majina ya waliolitengeneza, na lina mwenye haki. La Kihesa lilidumu saa mbili na nusu, likaisha jenereta ilipozimwa. Mbele ya sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, kazi ile ilihitaji ruhusa ya mwenye filamu, na ruhusa haikuombwa. Sheria ina hoja: mtu aliitengeneza filamu kwa gharama, na kibanda hakikumlipa hata senti. Siwezi kusema mtafsiri alikuwa na haki ya kuichukua. Ninachosema ni kwamba alichokiongeza hakikuwa cha mwenye filamu wala chake peke yake. Kilikuwa pia cha yule mama wa mahindi, na hakuna daftari linalomtaja.

Siku hizi tamthilia za Kituruki na Kihindi zinakuja nyumbani zikiwa tayari zimetiwa sauti za Kiswahili studioni. Kazi ni safi, midomo inakaribia kulingana na maneno, na bibi anazifuata bila kukosa. Kiswahili chake ni kimoja, kuanzia Tunduma hadi Tanga. Hakuna anayesema ugonile wala kamwene. Bibi akiudhika na jambo kwenye tamthilia huiuliza televisheni palepale, kwa Kinyakyusa, halafu anasubiri kidogo kama ilivyokuwa desturi. Wahusika wanaendelea kuzungumza.