Amani ya Moyo Wakati wa Vita: Habari za Mwenye Heri Anuarite



Leo twataka kujibu neno ambalo Wakristo wa vijijini huwauliza wakatekista wao mara nyingi, tena kwa uchungu: «Sisi tulisali, na vita ikaja vilevile. Amani aliyotuahidi Bwana wetu iko wapi?» Kuliuliza neno hili si dhambi. Wala tusilijibu kwa maneno matupu, bali kwa habari za binti mmoja wa nchi yetu ya Kongo.

Anuarite Nengapeta alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Matali, karibu na Wamba, katika kabila la Wabudu. Baba yake alimwacha mama yake, kwa kuwa alimzalia mabinti watupu. Basi tangu utoto aliona kwamba nyumba ya mtu yaweza kuvunjika. Alipokuwa msichana alitamani utawa. Siku moja lori lilifika misioni kuwachukua wasichana waliokwenda Bafwabaka, kwa masista wa Jamaa Takatifu. Naye akajipenyeza kati yao bila kumwaga mama yake. (Ninyi watoto mnaosikiliza, kutoroka huko msikuige.) Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Kazi zake zilikuwa ndogo: kutunza sakristia, kupika, kufundisha watoto. Hakuwa na moyo mgumu; alikuwa mwepesi wa kuhangaika, kama wengi wetu.

Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba walienea pande zile. Mwezi wa Agosti waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji waliteremka huko kwa miavuli, na hasira ya Simba ikawaka zaidi. Tarehe 26 waliuawa watu huko Wamba, na miongoni mwao Askofu Wittebols. Siku tatu baadaye lori la Simba likaingia Bafwabaka. Masista waliambiwa kwamba wanapelekwa Wamba kwa usalama wao; lakini njiani lori likageuzwa, likashika njia ya Isiro, mji ambao wakati ule uliitwa Paulis. Anuarite alikuwa ameficha mfukoni sanamu ndogo ya Bikira Maria.

Huko Isiro afisa mmoja alimtaka awe mke wake. Alikataa. Akatishwa, akakataa tena. Mama Mkubwa wao naye akasimama upande wake, akisema kwamba nadhiri ya mtawa haivunjwi kwa amri ya askari.

Hapa, ndugu, yatupasa kwenda polepole. Mtu akisikia habari za mashahidi, hudhani kwamba walikwenda kufa kama watu wasio na damu mwilini. Haikuwa hivyo. Masista walipoletewa chakula usiku ule, Anuarite hakuweza kula. Aliogopa. Hata Bwana wetu katika bustani ya Getsemani alihuzunika, jasho lake likawa kama matone ya damu, na bado aliendelea kusali. Kwa hiyo yule aliyepiga Rozari huku mikono yake ikitetemeka asidhani kwamba sala yake imekataliwa. Amani ya Kristo haikuiondoa hofu ya Anuarite. Ilimpa neno moja ambalo hofu haikuweza kulibadili.

Kanali Olombe alitaka kumtia garini kwa nguvu, yeye pamoja na Sista Bokuma. Walipokataa, aliwapiga sana, hata Sista Bokuma akavunjika mkono na kuzimia. Anuarite, akiwa katika mapigo hayo, alimwambia Olombe kwamba amemsamehe, kwa kuwa hajui alitendalo. Maneno hayo hakuyatunga yeye. Aliyasikia katika Injili, na saa yake ilipofika aliyakuta yako tayari kinywani. Olombe aliwaamuru Simba wamchome kwa visu vya bunduki, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, akiwa na umri wa miaka 24. Wenzake, ambao nao walipigwa na kuteswa usiku ule, waliimba utenzi wa Bikira Maria.

Alizikwa katika kaburi moja na watu wengine. Walipokuja baadaye kuitafuta maiti yake, waliitambua kwa ile sanamu ndogo iliyokuwa bado mfukoni.

Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Mama aliyeachwa zamani kwa kuzaa mabinti tu alikuwapo siku ile. Na mbele ya umati ule Papa alisema kwamba yeye naye, kwa jina la Kanisa lote, amemsamehe yule aliyemwua.