Baridi Yabisi na Magonjwa Yanayoandamana Nayo

Wagonjwa wa baridi yabisi katika jumuiya zetu tunawatambua kwa mikono yao: vidole vimevimba na kupinda, ngumi haifungiki asubuhi hadi jua lipande. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba ugonjwa huu huishia kwenye viungo. Sivyo. Baridi yabisi tunayoizungumzia hapa si uchakavu wa magoti unaoletwa na umri. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili inaopaswa kuulinda. Mchochota unaotokea, yaani uvimbe wenye joto na maumivu, huanzia viungoni lakini huweza kufika kwenye mishipa ya damu, mapafu na macho. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi kuliko wanaume.

Linalotangulia kwa uzito ni moyo. Mchochota wa miaka mingi huidhuru mishipa ya damu. Mapendekezo ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2016 yanaelekeza kwamba daktari akikwisha kukadiria hatari ya ugonjwa wa moyo kwa njia ya kawaida, aizidishe kwa 1.5 iwapo mgonjwa ana baridi yabisi. Kwa hiyo kupima shinikizo la damu, sukari na lehemu ni sehemu ya tiba yenyewe. Sigara nayo huuzidisha ugonjwa wa viungo na wa moyo kwa pamoja.

Tumfikirie mama wa makamo mwenye presha, kisukari na baridi yabisi. Huhudhuria kliniki moja kwa presha, nyingine kwa sukari, na maumivu yakimzidi hununua diklofenaki dukani. Hakuna anayeziona dawa zake zote kwa pamoja. Lakini diklofenaki na ibuprofeni hupandisha shinikizo la damu, huweza kutoboa tumbo, na zikikutana na baadhi ya dawa za presha huziumiza figo. Prednisoloni, inayosifiwa kwa kuondoa maumivu kwa siku moja, hupandisha sukari na, ikitumiwa muda mrefu, hudhoofisha mifupa. Tena aliyeizoea haruhusiwi kuiacha ghafla. Hupunguzwa taratibu chini ya uangalizi wa daktari. Dawa hizi si adui. Hatari iko katika kuzitumia bila tabibu kujua. Mgonjwa na afunge dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba, azipeleke kila kliniki anayohudhuria.

Kuhusu methotreksati tunasema kwa msisitizo: kwa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kosa hilo limeua watu. Heri kuchagua siku maalumu na kuiandika juu ya pakiti. Anayeitumia hupimwa damu na ini mara kwa mara, hujiepusha na pombe, na hapaswi kuwa mjamzito. Asipewe kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin, kabla ya kumweleza tabibu kwamba anatumia methotreksati, kwa maana zikikutana huweza kuiharibu damu.

Dawa nyingi za ugonjwa huu huishusha kinga. Kabla ya kuanza zile kali zaidi, mgonjwa hupimwa kifua kikuu kilichojificha na homa ya ini aina ya B. Homa au kikohozi kisichokoma visisubiri tarehe ya kliniki. Chanjo ya homa ya mapafu na ya mafua humfaa, lakini chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai. Wanaosafiri kwa hija ya Namugongo nchini Uganda, ambako cheti cha chanjo hiyo huweza kudaiwa mpakani, wamwone daktari mapema kabla ya kulipa nauli.

Anayekwenda kufanyiwa upasuaji amweleze mtoa dawa ya usingizi kwamba ana baridi yabisi, kwa kuwa mifupa ya shingo huweza kuwa imelegea. Na tusiipuuze sonona. Anayekosa usingizi kwa maumivu, akaacha kufika jumuiyani na kukata tamaa, anahitaji tiba kama wa presha anavyohitaji.

Kwaresima ikifika, wapo watakaojilazimisha kufunga hata kama dawa zao hutaka chakula. Sheria ya kufunga huwahusu wenye miaka 18 hadi kuanza mwaka wa 60, na mgonjwa, hata akiwa na umri huo, hadaiwi kufunga. Vivyo hivyo, asiyeweza kupiga magoti na aketi bila kuona haya. Nasi tunapotakiana amani katika Misa, mkono wake tuushike kwa wepesi au tuinamishe kichwa tu; kubanwa kwa furaha humuumiza, na mara nyingi hatasema.