Waya Kati ya Kompyuta na Mashine ya Michezo

Kwa kawaida, mchezo wa mashine ya michezo hauandikwi ndani ya mashine itakayouchezesha. Huandikwa kwenye kompyuta, kisha huvushwa, na kwa miaka mingi uvushaji huo ndio ulioamua mtengenezaji ajaribu kazi yake mara ngapi kwa siku.

Enzi za Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, njia mojawapo ilikuwa chipu ya EPROM. Chipu hiyo ina kidirisha cha kioo mgongoni. Ili ifutike, huwekwa chini ya taa ya miale ya urujuanimno kwa dakika 15 hadi 20, ndipo iandikwe upya na kurudishwa kwenye katriji. Ukikosea herufi moja, taa inakusubiri tena.

Waya uliondoa kusubiri huko, lakini baiti huweza kuharibika njiani. Dawa ilikuwapo tangu 1977, Ward Christensen wa Chicago alipobuni itifaki iliyokuja kuitwa XMODEM. Haikukusudiwa michezo, ila wepesi wake unazifaa sana mashine zenye kumbukumbu finyu. Pakiti yake ina baiti 132. Ya kwanza hutangaza mwanzo. Ya pili ni namba ya pakiti. Ya tatu ni namba hiyohiyo, biti zake zimegeuzwa, ili namba iliyoharibika ijulikane. Hufuata baiti 128 za data, na ya mwisho hubeba jumla yake. Mpokeaji hujumlisha upya: hesabu zikilingana, huitikia, zikitofautiana, huomba pakiti irudiwe.

Udhaifu umo kwenye jumla hiyo. 5 ikitangulia 9, au 9 ikitangulia 5, jibu ni 14. Baiti mbili zilizobadilishana nafasi hupita salama, na hizo zinatosha kuigandisha mashine. Ndiyo sababu XMODEM iliongezewa CRC, hesabu ya masalio ya mgawanyo inayotambua hata mpangilio. Gharama yake ni baiti moja zaidi tu kwa kila pakiti, na hakuna baiti iliyotumika vizuri kuliko hiyo.

Mwaka 1996 Sony ilianza kuwauzia Wajapani wa kawaida Net Yaroze, PlayStation nyeusi ya kujitengenezea michezo. Ulaya na Marekani ziliipata 1997. Programu ilipitishwa kwa waya hadi kwenye kumbukumbu ya megabaiti 2, kila faili na anwani yake. Anwani ikikosewa, picha iliweza kuikanyaga programu. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, kila baiti ikihitaji biti 10 pamoja na za kuanzia na kufungia, hupita baiti 11,520 kwa sekunde. Kilobaiti 512 huchukua kama sekunde 46.

Game Boy Advance ya 2001 ilizaliwa na itifaki yake. Ikiwashwa bila katriji, huweza kupokea kwa waya programu isiyozidi kilobaiti 256. Nintendo ilikusudia marafiki wachangie katriji moja. Watengenezaji wa nyumbani wakaichomeka kompyuta mahali pa rafiki. Baiti 192 za mwanzo ni utambulisho, wenye nembo ya Nintendo, kisha programu hufuata. Mwishoni pande zote mbili hubadilishana CRC. Zikilingana, mashine hurukia mwanzo wa programu na mchezo huanza.