Matembezi ya Rosine

Mombasa ni kisiwa kidogo. Asubuhi moja yatosha kukivuka kwa miguu, kutoka Mji wa Kale hadi Makupa. Nimekivuka mara nyingi nikijiuliza kama mmisionari Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosine waliwahi kupata siku ya mapumziko wakafanya hivyo, bila daftari la maneno mkononi.

Walihamia hapa mwaka 1844, Rosine akiwa mja mzito. Tarehe 8 Juni Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na Kadhi Ali bin Mohedin. Julai homa ikawaangusha wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafariki tarehe 13. Kichanga naye hakukawia.

Safari za mume tunazisoma shuleni: Usambara, Ukambani, Mlima Kenya aliouona 1849. Safari ya Rosine inayokumbukwa Mombasa ni ya kuvushwa maji akazikwe bara, upande wa Nyali. Mwenyewe ndiye aliyetaka, wapita njia walione kaburi.

Mimi ningetoa kurasa kadhaa za ile kamusi ya Krapf ya 1882 nipate habari ya jioni moja tu waliyotoka pamoja kupunga upepo.