Ukutubi Kwale na Pwani ya Kusini ya Kenya

Ukutubi ni kazi ya kukusanya maandishi, kuyapanga na kuyafikisha kwa msomaji. Katika Kaunti ya Kwale kazi hiyo hufanyika katika maktaba ya umma mjini Kwale, iliyoanza kama tawi la Huduma ya Maktaba ya Kitaifa (KNLS), katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa iliyo katika mji huo huo, na katika vyuo vya tiba kama KMTC ya Msambweni.

Pwani ilitangulia: maktaba ya Seif bin Salim ilianzishwa Mombasa mwaka 1903. Sheria ya KNLS ilipitishwa 1965, kazi ikaanza 1967. Wakutubi wengi wa kizazi hicho walisomea Makerere, katika chuo cha ukutubi kilichoanzishwa 1963 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Chuo Kikuu cha Moi kilifuata na kitivo chake mwaka 1988.

Kiini cha mafunzo ya zamani kilikuwa kitabu chenyewe: kukisajili, kukipiga muhuri, kukiandikia kadi, kukidai kikichelewa. Namba za rafu zilifuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, na anayeutumia Kwale huona mara moja kwamba ulitungwa mbali. Katika fungu la dini Ukristo umetandazwa kutoka 220 hadi 289. Uislamu, dini ya walio wengi kati ya Wadigo wa Kwale, umepewa namba moja, 297. Kurani, Hadithi, fiqhi na sira zote hubanana hapo, zikitenganishwa kwa tarakimu za baada ya nukta ambazo mgongo wa kijitabu chembamba hauzitoshi. Mwanafunzi wa madrasa hatazikariri. Mhudumu anayemshika mkono hadi kwenye rafu anamfaa kuliko katalogi.

Kompyuta zimebadili mengi. Katika maktaba nyingi za Kenya kadi zimepisha programu kama Koha, iliyobuniwa New Zealand, na mradi wa LEAP wa shirika la Worldreader ulileta katika maktaba za umma vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki pamoja na mafunzo kwa wahudumu. Katiba ya 2010 nayo imeziweka maktaba katika majukumu ya kaunti, kwa hiyo mafunzo ya mhudumu sasa ni suala la bajeti ya Kwale pia.

Msambweni ndiko haja ya ujuzi mpya inakoonekana wazi zaidi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamechunguza kichocho katika vijiji vyake, na matokeo yakachapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya ng'ambo. Mkutubi anayejua kutafuta kwenye Hinari, huduma iliyoanzishwa na WHO mwaka 2002, anaweza kumpa mwanafunzi wa uuguzi makala kuhusu vijiji vile vile anavyokwenda kuhudumia. Kuyafikisha hayo kwa mama wa kijijini kwa Chidigo, lugha ya Wadigo, ni ujuzi mwingine, nao unastahili nafasi kubwa katika mafunzo. Nyenzo zipo: *Mgombato*, kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, ilitoka 2004.

Kuna pia maarifa yasiyo na namba ya rafu. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni miongoni mwa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Anayetaka kurekodi habari za miti yake na miiko yake huanza kwa kuomba idhini ya wazee, na hukubali kwamba baadhi ya mambo hayatatoka msituni.