Malale: Mchana Kusinzia, Usiku Kukesha

Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, Uganda, walianza kupokea wagonjwa waliosinzia mchana na kukesha usiku. Yalikuwa malale. Katika miaka michache yaliua watu zaidi ya 200,000 mwambao wa Ziwa Victoria, na upande wa Mara Wajerumani wakaweka kambi ya wagonjwa Shirati, kaskazini ya Musoma.

Daktari Mjerumani Robert Koch alipiga hema katika visiwa vya Ssese, ziwani humo, mwaka 1906, akiwadunga watu atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi walipofuka. Haishangazi kwamba wengine walitoroka.

Mgonjwa wa malale hazidi wenzake kwa kulala; usingizi wake hukatikakatika na kupoteza majira. Ndivyo ilivyo hata leo kwa mgonjwa wa chumba cha mahututi, anayekeshwa na taa, milio ya mashine na sindano za usiku wa manane. Kwa malale chanzo kimo mwilini: uchunguzi wa 2018 ulionyesha vimelea vyake vikiharakisha saa ya mwili ya panya.

Ikoma, mashariki ya Bunda, ilipata malale ya aina nyingine miaka ya 1920, yanayohifadhiwa na wanyamapori na kusambazwa na mbung'o. Mwaka 2001 yaliwapata watalii wa Ulaya waliozuru Serengeti.