Weusi wa Rupia ya Zamani

Mwanzoni mwa karne ya 20, Farran Zerbe, mfanyabiashara wa sarafu aliyewahi kuongoza chama cha wakusanyaji sarafu cha Marekani, alitembelea hazina ya sarafu za serikali iliyokuwa katika kiwanda cha sarafu cha Philadelphia. Alichokikuta kilimuudhi. Sarafu nyingi za fedha, zile zilizopigwa chapa kwa uangalifu wa pekee, zilikuwa zimetandwa na utando mweupe. Alipouliza aliambiwa kwamba chumba kilipofungwa wakati wa likizo, mhudumu mmoja mwenye bidii iliyopitiliza aliziona zimefubaa, akanunua dukani dawa ya kung'arishia vyuma na kuanza kuzisugua. Mwaka 1923 hazina hiyo ilihamishiwa Smithsonian, lakini uso uliokwisha kusuguliwa haukuweza kurudishwa.

Kosa la mhudumu yule lingali linafanyika hadi leo, na pwani ya Afrika Mashariki inalijua vizuri. Mtu hurithi kikopo cha rupia kutoka kwa bibi yake, huziona nyeusi, na kabla ya kumpelekea mnunuzi huzipitisha kwenye majivu na ndimu, au magadi, au dawa ya meno. Anadhani anaongeza bei, kumbe anaipunguza.

Fedha haipati kutu kama chuma. Inafubaa kwa sababu salfa iliyomo hewani, ndani ya karatasi za bahasha au kwenye mbao za sanduku, hushikana nayo na kuunda tabaka jembamba sana juu yake. Tabaka hilo huanza na rangi ya dhahabu iliyofifia, likaja zambarau na buluu, na mwishowe likawa jeusi. Kuna wakusanyaji wanaolipa zaidi kwa ajili ya rangi hizo, zikiwa zimejitokeza zenyewe kwa miaka mingi.

Chini ya weusi huo kuna kitu cha thamani zaidi. Chapa inapoikandamiza sarafu, madini husukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo isiyoonekana kwa jicho tupu. Ukiichezesha sarafu mpya chini ya taa, mwanga huzunguka juu yake kama njiti za gurudumu. Ukiisugua, mistari hiyo inakatika. Sarafu itang'aa, ndiyo, lakini mwanga utasimama mahali pamoja, na mikwaruzo itaonekana imeelekea upande mmoja, jinsi kitambaa kilivyokwenda. Mnunuzi mzoefu huligundua hilo mara moja.

Hata hivyo, wazee waliozisugua hawakukosea kwa kipimo cha zama zao. Karne ya 19, riale za Maria Theresa, mtawala wa Austria, zilizotumika Zanzibar, Omani na Ethiopia zilithaminiwa kwa fedha iliyomo ndani yake: gramu 28 na ushee, fedha tupu ikiwa sehemu tano kati ya sita. Masonara waliziyeyusha wakafulia vikuku na mikufu, au wakazitia kikonyo zikaning'inia shingoni. Pambo lilipaswa kung'aa. Rupia za kampuni ya Wajerumani zilizoanza kutolewa mwaka 1890, zenye sura ya Kaisari Wilhelm II upande mmoja na simba mbele ya mnazi upande wa pili, nazo zilikuwa na gramu 11.66, sawa na rupia ya India. Hakuna aliyekuwa akifikiria mkusanyaji wa Berlin.

Soko la wakusanyaji lina sheria nyingine. Mwaka 1949 William Sheldon alitoa kipimo cha kuanzia 1 hadi 70 kwa ajili ya senti za shaba za Marekani, na baadaye kikatumika kwa sarafu za kila aina. Kampuni za ukaguzi za PCGS na NGC, zilizoanza katika miaka ya 1980, huinyima sarafu iliyosuguliwa namba ya kipimo hicho. Badala yake huandika kwamba imesafishwa. Kwa sarafu za rupia mbili za 1893 au 1894, ambazo ni adimu, neno hilo moja hupunguza bei kwa kiasi kikubwa.

Lipo jambo moja linaloruhusiwa. Mifuko laini ya plastiki huacha utelezi wa kijani unaoila fedha taratibu, na asetoni safi huuondoa bila kuigusa fedha yenyewe. Sarafu huchovywa, haisuguliwi, kisha huachwa ikauke yenyewe.

Kwa riale ya Maria Theresa hasara ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Zote zina mwaka 1780, aliofariki malkia huyo, ingawa zimeendelea kupigwa chapa Vienna hadi leo, na pia zilitolewa Roma kuanzia 1935, kisha London na Bombay. Wataalamu huzitofautisha kwa vitu vidogo mno: lulu za kishikizo begani, manyoya ya mkia wa tai. Sehemu hizo zimeinuka, kwa hiyo ndizo majivu huanza kuzisawazisha, na zikishafutika hakuna tena wa kusema ilitoka kiwanda gani.